Sura ya Saba: Siku Arobaini au Siku Tano?

Kuna swali lisilokwisha kuulizwa katika kliniki za mionzi, na mara nyingi anayeuliza ni mke wa mgonjwa au binti yake, mzee mwenyewe akiwa amenyamaza pembeni: "Daktari, jirani yetu alipigwa mionzi karibu miezi miwili. Sisi mnatuambia wiki nne. Na tunasikia huko Ulaya wengine wanamaliza kwa siku tano. Mzee wetu hapunjwi kweli?"

Ni swali la haki. Tumekuzwa tukiambiwa dozi lazima imalizwe. Anayeacha vidonge vya kifua kikuu njiani anajua kitakachomfika. Na mtu aliyezoea kuambiwa dawa zimekwisha dirishani, ukimwambia umempunguzia siku za matibabu, anasikia habari ya uhaba.

Jibu langu nitalitoa mapema. Kwa mwanamume ambaye saratani bado imo ndani ya tezi dume, ratiba ya vipindi 20 inatibu sawa na ile ya vipindi 37 au 39. Hapunjwi. Wapo hata wanaotosheka na vipindi 7 au 5, lakini hapo masharti yanakuwa makali: ugonjwa uwe wa aina fulani, mashine iwe ya aina fulani, na wahudumu wawe wamefundishwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya sura hii inahusu masharti hayo.

Saratani tunayoizungumzia

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Nyuma yake, kwa umbali wa milimita chache tu, kuna puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inayohifadhi kinyesi kabla ya kutoka. Ujirani huu ukumbuke, kwa sababu karibu kila tatizo la mionzi ya tezi dume linatokana nao.

Saratani ikiwa haijasambaa mbali na tezi, madaktari huipanga katika makundi matatu kwa kutazama mambo mawili makubwa pamoja na ukubwa wa uvimbe. La kwanza ni PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume na kupimwa katika damu. La pili ni alama ya Gleason, ambayo mtaalamu wa maabara huitoa baada ya kukagua kwa darubini kinyama kilichotolewa kwenye tezi. Alama ikiwa juu, seli zina tabia mbaya zaidi.

- Hatari ndogo: PSA chini ya 10, Gleason 6, uvimbe mdogo wa upande mmoja.
- Hatari ya kati: PSA kati ya 10 na 20, au Gleason 7.
- Hatari kubwa: PSA zaidi ya 20, au Gleason 8 hadi 10, au uvimbe uliotoboa ganda la tezi.

Kabla ya kuhesabu siku za mionzi, uliza kwanza kama mionzi inahitajika. Uingereza kulifanywa utafiti ulioitwa ProtecT, wa wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema. Wengine walifanyiwa upasuaji, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Miaka 15 baadaye, karibu asilimia 97 walikuwa hawajafa kwa saratani ya tezi dume, na tofauti ya vifo kati ya makundi hayo matatu ilikuwa ndogo mno. Wale waliofuatiliwa tu walipata zaidi saratani ya kusambaa, jambo lisilopaswa kufichwa, lakini mzee mwenye hatari ndogo ana haki kamili ya kuambiwa kwamba kusubiri kwa uangalizi nako ni matibabu.

Upande wa pili, wengi wa wagonjwa wetu Afrika Mashariki hufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa mara nyingi ni kipindi kimoja tu, na hesabu zake ni nyingine kabisa. Sura hii haiwahusu hao.

Kwa nini mionzi iligawanywa tangu mwanzo

Mionzi inaua saratani kwa kukata nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, yaani chembe ndogo zinazojenga mwili. Seli iliyokatwa nyuzi hizo ikijaribu kugawanyika, inakufa. Tatizo ni kwamba mionzi haichagui: inakata kwenye saratani na inakata kwenye kiungo kizima kilicho njiani.

Katika miaka ya 1920, jijini Paris, Claudius Regaud alikuwa akichunguza mionzi kwenye korodani za kondoo dume. Aliona kwamba dozi moja kubwa ya kumfanya kondoo awe tasa iliunguza vibaya ngozi ya juu. Alipoigawa dozi katika siku kadhaa, kondoo akawa tasa na ngozi ikasalimika. Mwenzake Henri Coutard akaipeleka hekima hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo. Kuanzia hapo, kwa miongo mingi, mionzi duniani ikawa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki.

Fikiria nyumba mbili za makuti zilizo jirani. Mwenye nyumba ya kwanza ni mwangalifu: kila mvua ikikatika anapanda paani, anaziba palipovuja. Wa pili hajali. Ikinyesha mvua ndogo kila siku kwa miezi miwili, nyumba ya kwanza itasimama na ya pili itaoza mpaka ianguke. Seli nzima za mwili ni yule mwangalifu, zinajikarabati kati ya kipindi na kipindi. Seli za saratani nyingi ni yule wa pili.

Sasa, saratani ya tezi dume haifuati desturi hiyo. Inakua polepole, na seli zake nazo ni hodari wa kupanda paani na kuziba. Mwaka 1999 watafiti David Brenner na Eric Hall walitoa hoja, kutokana na takwimu za wagonjwa, kwamba saratani hii inajikarabati kwa ustadi kama viungo vinavyoizunguka, pengine hata kuvishinda. Kama ni hivyo, mvua ndogo ya kila siku inampa adui nafasi ya kuziba. Mvua kubwa, za mara chache, ndizo zitakazomshinda kabla hazijamshinda jirani yake.

Madaktari wa Hospitali ya St Thomas', London, walikuwa wakiwatibu wagonjwa wa tezi dume kwa vipindi 6 tu tangu miaka ya 1960, zamani kabla ya hoja hiyo kuandikwa. Lakini uzoefu wa hospitali moja hautoshi kubadili matibabu ya dunia nzima. Ilibidi ipimwe.

Mbona jumla inapungua?

Mionzi inayofyonzwa na mwili hupimwa kwa Gray, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Mgonjwa akipewa karatasi yake ya matibabu atakuta namba mbili: jumla ya Gray na idadi ya vipindi. Hizi ndizo ratiba zinazotajwa zaidi:

- Ratiba ndefu: Gray 78 kwa vipindi 39, Gray 2 kila kipindi, karibu wiki nane.
- Ratiba ya wiki nne: Gray 60 kwa vipindi 20, Gray 3 kila kipindi.
- Ratiba ya Skandinavia: Gray 42.7 kwa vipindi 7, Gray 6.1 kila kipindi, wiki mbili na nusu.
- Ratiba fupi kuliko zote: Gray 36.25 kwa vipindi 5, zaidi ya Gray 7 kila kipindi, wiki moja au mbili.

Hapa ndipo familia nyingi hushtuka. Kutoka 78 mpaka 36 si nusu hiyo?

Hesabu ya mionzi haijumlishwi kama fedha. Madhara ya kipindi kimoja kwa seli hupanda kwa kasi kuliko dozi yenyewe. Kipindi kimoja cha Gray 6 kinaumiza seli kuliko vipindi vitatu vya Gray 2, kwa sababu seli haipati usiku wa kujikarabati katikati. Kwa hiyo kadiri kila kipindi kinavyokuwa kikubwa, jumla lazima ishuke. Daktari anayekupa Gray 60 kwa vipindi 20 hajakukatia Gray 18. Na anayethubutu kutoa Gray 78 kwa vipindi vitano atamuua mgonjwa au kumwacha na majeraha yasiyopona.

*Kwa kifupi: usilinganishe jumla ya Gray ya ratiba mbili tofauti. Linganisha matokeo ya wagonjwa waliotibiwa kwa ratiba hizo.*

Wanaume waliokubali kupangiwa na kompyuta

Matokeo hayo tunayo, na tunayo kwa sababu maelfu ya wanaume walikubali jambo gumu: kutibiwa kwa ratiba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kompyuta, wala si na wao au daktari wao. Bila hivyo, wenye afya nzuri wangerundikana upande mmoja na ulinganisho usingekuwa na maana.

Utafiti mkubwa kuliko yote ni CHHiP, ulioongozwa na David Dearnaley kutoka Uingereza. Ulikusanya wanaume 3,216 kati ya mwaka 2002 na 2011, wakagawanywa katika makundi matatu: Gray 74 kwa vipindi 37, Gray 60 kwa vipindi 20, na Gray 57 kwa vipindi 19. Matokeo ya miaka mitano yalitoka mwaka 2016. Waliokaa bila saratani kurudi walikuwa asilimia 88.3 katika ratiba ndefu, asilimia 90.6 katika ile ya vipindi 20, na asilimia 85.9 katika ile ya vipindi 19.

Namba hiyo ya mwisho ningependa kila mgonjwa aitazame vizuri, maana ndiyo inayojibu swali la kupunjwa kwa ukweli wote. Ratiba ya vipindi 20 ilithibitika kuwa si duni kuliko ndefu. Ratiba ya vipindi 19 haikuthibitika. Tofauti yao ni kipindi kimoja tu, Gray 3. Kumbe kupunjwa kupo! Kupo pale mtu anapokatiwa au anapojikatia kipindi ndani ya ratiba iliyopangwa. Mzee anayepangiwa vipindi 20 akaondoka baada ya 17 kwa sababu nauli imekwisha, huyo ndiye aliyepunjwa, ingawa jirani yake aliyemaliza vitano kwa ratiba ya vitano hakupunjwa.

Kanada, Australia na Ufaransa nao walifanya utafiti wao, PROFIT, wa wanaume 1,206 wenye hatari ya kati. Vipindi 39 vilipambanishwa na 20, na baada ya miaka mitano kila upande ulikuwa na asilimia 85 wasio na ugonjwa. Uholanzi walijaribu njia nyingine katika utafiti wa HYPRO: walipunguza vipindi hadi 19 lakini wakapandisha dozi ya kila kipindi hadi Gray 3.4, wakitumaini kuishinda ratiba ndefu. Hawakuishinda, na madhara yakaongezeka.

Kisha wakaja waliokwenda mbali zaidi. Sweden na Denmark, chini ya Anders Widmark wa Umeå, waliwatibu wanaume 1,200 wenye hatari ya kati au kubwa: nusu vipindi 39, nusu vipindi 7. Mwaka 2019 walitangaza kwamba baada ya miaka mitano pande zote mbili zilikuwa na asilimia 84 wasio na ugonjwa kurudi. Wote hawakupewa dawa za homoni, kwa hiyo ulinganisho ulikuwa wa mionzi kwa mionzi.

Na mwaka 2024 yakatoka matokeo ya PACE-B, utafiti wa Uingereza, Ireland na Kanada ulioongozwa na Nicholas van As wa hospitali ya Royal Marsden. Wanaume 874. Upande mmoja vipindi 5, upande wa pili vipindi 39 au 20. Baada ya miaka mitano, asilimia 95.8 ya waliopigwa vipindi vitano hawakuwa na dalili ya ugonjwa kurudi, na upande wa pili asilimia 94.6. Asilimia hizi zinapita zile za Sweden kwa sababu wagonjwa wenyewe walikuwa na ugonjwa mwepesi zaidi: wengi wa hatari ya kati, wachache wa hatari ndogo, na wenye hatari kubwa hawakuingizwa. Kwa hiyo asije mtu akalinganisha 95.8 na 84 akasema vipindi vitano vinapita vipindi saba.

Bei ya ufupi hulipwa na mkojo

Kuponya ni nusu ya habari. Mzee anataka kujua ataishije baadaye.

Wakati wa mionzi na wiki chache baada yake, ratiba yoyote ile, tarajia kwenda chooni mara nyingi usiku, mkojo kuwasha au kutoka kwa shida, na haja kubwa kuwa ya haraka au yenye makamasi. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya miezi michache. Tofauti ni kwamba katika ratiba ndefu usumbufu huja polepole na kukaa, na katika fupi huja kwa kishindo, mara nyingine mgonjwa akiwa ameshamaliza na kurudi nyumbani. Ndiyo maana anayepigwa vipindi vitano asiondoke bila namba ya simu ya kliniki na maelezo ya nini cha kufanya mkojo ukiziba kabisa. Mkojo ukiziba ni dharura ya usiku huohuo, haingoji kliniki ya Jumatatu.

Kwa miaka inayofuata, takwimu ni hizi. Katika utafiti wa Sweden na Denmark, mwaka mmoja baada ya matibabu asilimia 6 ya waliopigwa vipindi 7 walikuwa na matatizo ya mkojo yanayohitaji dawa au zaidi, dhidi ya asilimia 2 upande wa pili. Kufikia mwaka wa tano wote walikuwa asilimia 5. Katika PACE-B, ukihesabu kila mtu aliyewahi kupata tatizo la namna hiyo ndani ya miaka mitano, hata kama lilipona, ni karibu asilimia 27 kwa vipindi vitano na asilimia 18 kwa ratiba ndefu. Matatizo ya puru yalikuwa karibu sawa.

Sitaki kuifunika tofauti hiyo. Karibu watu tisa zaidi kati ya kila mia moja walisumbuliwa na mkojo ili kuokoa wiki tatu hadi saba za kwenda hospitali. Kuna mzee atakayekubali biashara hiyo bila kufikiri mara mbili, na kuna anayeamka tayari mara tano kila usiku ambaye afadhali achague vipindi 20.

Na upasuaji je? Tawi jingine la utafiti huohuo, PACE-A, liliwalinganisha wanaume 123, wengine wakiondolewa tezi na wengine wakipigwa vipindi vitano. Miaka miwili baadaye, nusu ya waliopasuliwa walikuwa wakitumia pedi kwa sababu ya kuvuja mkojo. Kwa mionzi ilikuwa asilimia 6.5. Nguvu za kiume nazo zilipungua zaidi kwa waliopasuliwa, wakati waliopigwa mionzi walisumbuliwa zaidi kidogo na haja kubwa. Mionzi nayo hudhoofisha nguvu za kiume taratibu, na hilo mwanamume aambiwe mapema, mkewe akiwepo kama wote wawili wanaridhia.

Mashine na milimita

Ukitoa Gray 2 leo na tezi ikawa imesogea kidogo, umekosea sehemu moja kati ya 39. Ukitoa zaidi ya Gray 7 na tezi ikawa imesogea, umekosea sehemu moja kati ya tano, na kilichoingia mahali pake kwenye njia ya mionzi ni puru au kibofu. Na tezi dume husogea kila siku. Gesi tumboni inaisukuma, kibofu kikijaa kinaikandamiza.

Kwa sababu hiyo ratiba ya vipindi vitano inadai mambo ambayo ratiba ndefu iliweza kuishi bila baadhi yake. Mara nyingi mgonjwa huwekewa vipande vidogo vya dhahabu ndani ya tezi ili mashine ione ilipo. Picha hupigwa kabla ya kila kipindi, na kwingine hata wakati mionzi inatoka. Mgonjwa huambiwa aje na haja kubwa imeshatoka na kibofu kikiwa na kiasi kilekile cha mkojo kila siku, agizo linaloonekana dogo lakini ambalo lina uzito sawa na mashine yenyewe. Madaktari wa UCLA huko Los Angeles, katika utafiti wa MIRAGE wa wanaume 156, walionyesha thamani ya kuona vizuri. Walioongozwa na picha za MRI, zinazoonyesha nyama laini kwa uwazi, walitibiwa kwa kuacha ukingo wa milimita 2 kuzunguka tezi badala ya 4. Matatizo ya mkojo ya miezi ya mwanzo yalishuka kutoka asilimia 43 hadi 24.

Hivyo basi, mashine ya zamani ya kobalti haifai kwa vipindi vitano. Kobalti hutoa mionzi kutoka kwenye madini yanayofifia yenyewe, nguvu ikipungua nusu kila baada ya miaka mitano hivi, na miali yake haina ukingo mkali. Mashine inayofaa ni linaki, inayotengeneza mionzi kwa umeme na kuifinyanga ifuate umbo la tezi. Hata linaki isiyo na kifaa cha kupiga picha kila siku isitumike kwa kazi hii. Hospitali yoyote inayokutangazia "siku tano" bila kukueleza inaionaje tezi yako kabla ya kila kipindi, usiipe mwili wako.

Kwetu, siku ni nauli

Uingereza mgonjwa anaokolewa usumbufu. Kwetu ratiba fupi mara nyingi ndiyo inayoamua kama mtu atatibiwa au hatatibiwa.

Tuseme mzee ametoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au amevuka bahari kutoka Pemba. Kipindi chenyewe ni dakika chache. Lakini ratiba ya vipindi 39 inamtaka apate mahali pa kulala kwa wiki nane, pamoja na mtoto aliyeacha kazi au shamba kumsindikiza. Vipindi 20 vinamrudisha nyumbani baada ya mwezi. Nusu ya kodi ya chumba, nusu ya chakula, na msindikizaji hajapoteza msimu mzima wa kilimo.

Mashine nayo inapumua. Mashine inayoweza kuhudumia watu 40 kwa siku itamaliza wagonjwa 40 wa ratiba ndefu katika wiki nane, na wagonjwa 80 wa vipindi 20 katika wiki hizohizo. Afrika Mashariki inajua kukosa mashine maana yake nini. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya saratani nchini Uganda, katika hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa. Mpya haikuzinduliwa mpaka Januari 2018. Tangu hapo vituo vimeongezeka katika ukanda wetu, lakini foleni bado ni ndefu, na kila kipindi kisicho na faida kwa mgonjwa mmoja ni nafasi aliyonyimwa mwingine aliyeko nje.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera. Wanaume weusi wanapata saratani hii kwa wingi zaidi: Uingereza, mwanamume mmoja kati ya wanne weusi huipata maishani, wakati kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Hata hivyo, waliojaa kwenye tafiti nilizozitaja ni Wazungu. Hakuna sababu ya kibaiolojia inayonifanya niamini kwamba vipindi 20 vitatibu vibaya zaidi mwilini mwa Mwafrika, lakini ushahidi wetu wenyewe unastahili kukusanywa. Ndiyo maana utafiti wa HypoAfrica, uliohusisha vituo vya Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa ratiba ya vipindi 20, una umuhimu mkubwa kuliko ukubwa wake. Daktari akikuomba uingie katika utafiti wa namna hiyo, msikilize kwa makini kabla ya kukataa.

Maoni yangu: katika hospitali yenye linaki nzuri, vipindi 20 viwe ndiyo kawaida kwa saratani iliyo ndani ya tezi, na anayetaka kumpa mgonjwa vipindi 39 ndiye aeleze sababu. Vipindi vitano vianzishwe pale vifaa na mafunzo vipo, na kwa wagonjwa wanaofanana na wale wa PACE-B.

Nani asikimbilie siku tano

- Mwenye hatari kubwa ambaye tezi za limfu za nyonga nazo zinapaswa kupigwa mionzi.
- Mwenye tezi kubwa sana au mkojo unaotoka kwa shida tayari.
- Aliyefanyiwa hivi karibuni upasuaji wa kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo.
- Mwenye ugonjwa sugu wa vidonda vya utumbo mpana.
- Aliyewahi kupigwa mionzi ya nyonga.

Na ieleweke kwamba kufupisha mionzi hakufupishi homoni. Dawa za homoni huzima homoni ya kiume inayoilisha saratani hii. Mwenye hatari kubwa huzihitaji kwa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, na baadhi ya wenye hatari ya kati kwa miezi minne hadi sita, hata kama mionzi ilichukua wiki moja. Nimeona familia zikisherehekea mwisho wa mionzi na kusahau tarehe ya sindano inayofuata.

Unapokwenda kliniki

Nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza, na uliza haya:

1. Saratani yangu iko kundi gani la hatari, na je, ninaweza kufuatiliwa tu kwanza?
2. Mtanipa Gray ngapi kwa vipindi vingapi, na kwa nini ratiba hiyo?
3. Mtaionaje tezi kabla ya kila kipindi?
4. Mashine ikiharibika katikati, mna mpango gani wa kufidia siku zilizopotea?
5. Bima inalipa kwa kila kipindi au kwa matibabu yote?

Swali la nne usilionee haya. Mashine huharibika, na hospitali makini ina jibu tayari.

Ukishamaliza, PSA haitashuka siku moja. Kwa mwanamume ambaye bado ana tezi yake, huteremka polepole kwa miaka miwili au zaidi, na inaweza kupanda kidogo katikati kisha ikashuka yenyewe. Madaktari huanza kusema ugonjwa umerudi PSA inapopanda kwa 2 au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufikia. Kwa hiyo andika kila jibu la PSA pamoja na tarehe yake.

Na kabla hujaondoka hospitali siku ya mwisho, omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa: jumla ya Gray, idadi ya vipindi, sehemu iliyopigwa na tarehe. Daktari yeyote atakayekutibu nyonga kwa mionzi miaka kumi ijayo atahitaji karatasi hiyo, na mashine au hospitali iliyokutibu huenda haitakuwepo tena. Piga nakala, moja ikae kwako na moja kwa mwanao.